Pedeli za chuma zifungwe kama breki

Kwenye maduka ya spea na mapambo ya magari ya Kariakoo, Dar es Salaam, na yale ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kuna bidhaa inayoning'inia ukutani jirani na kava za usukani na manukato ya gari. Ni pakiti ya plastiki yenye vibati vya alumini vilivyotobolewa matundu na kupachikwa vitufe vya mpira, vingine vyekundu, vingine vya buluu, vingine vyeusi. Vikiwa viwili ni vya gari la otomatiki. Vikiwa vitatu ni vya gari la manyo. Ndani ya pakiti mna skurubu chache na vibano vya bati. Mteja akishalipa, kijana wa dukani humfungia palepale kando ya barabara, mlango ukiwa wazi, kichwa kikiwa chini ya dashibodi na miguu imebaki nje juu ya lami.

Kazi yenyewe ni fupi. Mpira wa zamani hautolewi. Kijana anaweka kibati juu yake, anapitisha vibano nyuma ya pedeli, anakaza skurubu mpaka mpira unabinuka pembeni, kisha anakisukuma kibati kwa kiganja mara mbili tatu. Kikionekana kimetulia, anahamia pedeli inayofuata. Gari linaondoka likiwa na pedeli zinazong'aa, na mwenye gari ameridhika, kwa sababu kweli zinapendeza.

Pedeli za chuma zenyewe hazina kosa. Yapo magari yanayotoka nazo kiwandani, Volkswagen Golf GTI na Subaru Impreza WRX STI yakiwemo, na zinadumu miaka bila kuleta shida. Kinachopaswa kukataliwa ni kubandika bati juu ya mpira, kulishika kwa vibano, na kuliita jambo hilo pambo kama vile kuvisha siti kava mpya. Pedeli ya breki ni sehemu ya breki, kama zilivyo pedi, diski na masta silinda. Hakuna mwenye gari mwenye akili timamu ambaye angekubali pedi za breki zifungwe kando ya barabara na mtu asiyezijaribu. Kibati cha pedeli nacho kinadai uangalifu uleule, na madai hayo yana ushahidi.

Ushahidi wa karibuni zaidi unatoka kwa watu wenye maabara na wahandisi wa kila aina. Aprili 2024 kampuni ya magari ya umeme ya Tesla ililazimika kuyaita magari 3,878 ya Cybertruck kwa marekebisho, yaani yote yaliyokuwa yametengenezwa tangu Novemba 2023 hadi mwanzoni mwa Aprili. Kipande cha juu cha pedeli ya mafuta, ambacho kilikuwa kimechomekwa tu juu ya mkono wa pedeli, kiliweza kuchomoka, kikateleza kwenda juu na kunasa kwenye plastiki ya ndani ya gari. Kikinasa hapo, pedeli inabaki chini na gari linazidi kukimbia. Katika maelezo yaliyofikishwa kwa NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani, chanzo kilitajwa waziwazi: kiwandani kulikuwa kumeingizwa utaratibu ambao haukuidhinishwa, wa kupaka sabuni ili kipande hicho kiingie kwa urahisi, na mabaki ya sabuni yakapunguza mshiko wake. Tiba ilikuwa kukipiga ribiti kisiweze kutoka tena.

Kila fundi aliyewahi kuingiza bomba la mpira linalobana anaijua mbinu hiyo ya sabuni. Ni mbinu nzuri mahali pake. Kwenye pedeli iligeuka hatari, na iligeuka hivyo katika kipande kilichobuniwa mahususi kwa ajili ya pedeli hiyo moja. Sasa mtu alinganishe na kibati cha pakiti, ambacho maelezo yake yanasema kinafaa magari yote.

Tena Cybertruck lilikuwa na kinga moja: breki ikikanyagwa, nguvu ya mota inakatwa hata kama pedeli ya mafuta imebaki chini. Magari mengi ya Kijapani yaliyotengenezwa kabla ya 2010, ambayo ndiyo yamejaa mitaa ya Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Kampala, hayana mfumo huo. Pedeli ya mafuta ikinasa, injini inaendelea kusukuma na breki inaendelea kuzuia, na kinachoamua mshindi ni nguvu ya mguu wa dereva na upepo uliobaki kwenye busta.

Namna pedeli inavyonasa ilionekana kwa uchungu mkubwa Agosti 2009 huko Santee, karibu na San Diego, California. Askari wa barabara kuu ambaye hakuwa zamu alikuwa akiendesha Lexus ES 350 aliyoazimwa na wauza magari wakati gari lake likifanyiwa kazi gereji. Gari lilikimbia hadi zaidi ya kilomita 160 kwa saa na halikusimama. Alikufa yeye na watu watatu wa familia yake. Wachunguzi walikuta mkeka wa mpira wa gari jingine, Lexus RX 400h, umewekwa mle ndani, na ukingo wake ulikuwa umeishika pedeli ya mafuta. Mamilioni ya magari ya Toyota na Lexus yaliitwa kwa sababu ya mikeka, na mengine mamilioni mwanzoni mwa 2010 kwa sababu ya pedeli za mafuta zilizokuwa nzito kurudi juu. Machi 2014 Toyota ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kumaliza kesi ya jinai iliyohusu namna ilivyoueleza umma matatizo hayo.

Kuna jambo moja katika tiba ya mikeka ambalo kila muuza mapambo angepaswa kulijua. Pamoja na kubadilisha mikeka, Toyota iliagiza pedeli za mafuta zifupishwe. Mafundi wake walikata ncha ya chini ili kuongeza nafasi kati ya pedeli na sakafu. Baada ya vifo vile, kampuni kubwa kuliko zote za magari duniani ilihitimisha kwamba ncha ya chini ya pedeli ya mafuta inatakiwa iwe mbali zaidi na mkeka.

Vibati vingi vya pakiti vinafanya kinyume chake. Vinairefusha pedeli ya mafuta kwa chini, kwa sababu mtindo wake umeigwa kwenye magari ya mashindano, ambamo dereva hukanyaga breki kwa vidole na kugusa mafuta kwa kisigino au ubavu wa mguu uleule. Kisha kibati hicho kinawekwa kwenye gari lenye mkeka wa kiwandani, juu yake mkeka mnene wa kushonwa, na juu yake tena karatasi ngumu waliyoiweka vijana wa kuosha magari. Nafasi ambayo Toyota iliitafuta kwa msumeno, hapa inaondolewa kwa skurubu nne.

Mashindano yana mantiki yake, na si vizuri kuyasingizia. Gari la mbio za Safari, zilizoanza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika na ambazo tangu 2021 zimerudi kwenye ubingwa wa dunia zikiwa na kitovu Naivasha, halina kapeti wala mikeka ndani. Pedeli za chuma zilizotobolewa ni nyepesi, tope hupita kwenye matundu, na uso wake mkavu hauukatizi mguu hisia za breki. Lakini dereva wa mbio huvaa viatu maalumu vyenye soli nyembamba ya mpira isiyoteleza, na mafundi wake huzikagua pedeli gari linaporudi kambini.

Dereva wa kawaida huvaa anachovaa. Pwani huvaa ndala. Mvua za masika zikianza, huingia garini na soli zilizolowa na mchanga mwembamba, na kukanyaga alumini iliyong'arishwa ambayo vitufe vyake vya mpira vimekwisha kulika au kudondoka, kwa kuwa aghalabu huwa vimesukumizwa tu kwenye matundu. Mpira wa kawaida wa kiwandani, mweusi, wenye mistari, usiopendeza kwa picha, ulichaguliwa kwa ajili ya mguu uliolowa namna hiyo.

Halafu kuna suala la nguvu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H, inayohusu breki za magari madogo, inaruhusu katika majaribio ya breki kuu mguu ukanyage hadi nyutoni 500, karibu sawa na uzito wa kilo 50. Nguvu hiyo yote inapita kwenye uso wa pedeli. Mtu akiona mtoto amekatiza barabara, mguu wake hautui katikati ya kibati kwa ustaarabu. Unaangukia popote, mara nyingi pembeni, na kibati kilichoshikwa kwa vibano kinapigwa upande mmoja na kunyanyuka upande wa pili. Chini yake kuna mpira laini. Mpira ule, gari likishinda juani, hulainika na kusinyaa kidogokidogo chini ya mgandamizo, na skurubu iliyokuwa imekaza siku ya kwanza inabaki haina cha kukaza. Barabara ya vumbi yenye matuta humalizia kazi. Ndiyo maana kibati kilichojaribiwa kwa kiganja mbele ya duka hakijajaribiwa.

Unene nao una gharama. Kibati na skurubu zake huipandisha pedeli kuelekea kwa dereva. Kikiwekwa kwenye breki peke yake, breki inakaa juu zaidi ya mafuta, na mguu uliozoea kuteleza kutoka pedeli moja kwenda nyingine unajikwaa ubavuni mwa breki. Kikiwa kipana upande wa kulia, kinasogelea pedeli ya mafuta, na kiatu kikubwa kinaweza kukanyaga zote mbili kwa pamoja. Kwenye gari la manyo, vichwa vya skurubu vilivyotokeza nyuma ya klachi huweza kugota sakafuni kabla klachi haijaachia kabisa, gia zikaanza kulia, na mwenye gari akauziwa klachi mpya ambayo hakuihitaji.

Umbali huo wa milimita chache si jambo la kupuuza, maana kuendesha gari ni kumbukumbu ya mguu. Zamani kumbukumbu hiyo haikuwa moja. Kwenye Ford Model T pedeli ya kushoto ilibadilisha gia, ya katikati ilirudisha gari nyuma, ya kulia ndiyo ilikuwa breki, na mafuta yaliongezwa kwa mkono kwenye wenzo karibu na usukani. Dereva wa leo angeliingiza ukutani. Ilichukua miaka mingi hadi madereva wa dunia nzima wakawa na mpangilio mmoja wa klachi, breki na mafuta kutoka kushoto kwenda kulia, na leo kuna kanuni nzima ya Umoja wa Mataifa, namba 35, inayosimamia mpangilio wa pedeli na nafasi kati yake. Mtu aliye na vibano na skurubu anapanga upya kile ambacho kanuni hiyo inakilinda.

Anayezipenda pedeli za chuma hatakiwi kudharauliwa. Kulipenda gari na kutaka lipendeze ndani ni sehemu ya kulitunza, na watu wanaotunza magari yao wanahitajika wengi zaidi, si wachache. Njia sahihi ipo, na haina miujiza. Mtu atafute pedeli za chuma zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lake, modeli hiyohiyo na aina hiyohiyo ya gia, za kampuni iliyolitengeneza au zilizotolewa kwenye gari jingine la aina hiyo. Tofauti yake na kibati cha pakiti inaonekana ukizigeuza. Nyuma ya pedeli ya kiwandani mna mpira mmoja mzima wenye mdomo unaoikumbatia sahani ya pedeli pande zote, na chuma kimeunganishwa na mpira huo. Vitufe vinavyotokeza mbele ni mpira uleule uliopita kwenye matundu, kwa hiyo haviwezi kudondoka. Haihitaji skurubu wala kibano, kwa kuwa inachukua nafasi ya mpira wa zamani badala ya kuupanda.

Fundi mzuri huanza kwa kuuvua mpira wa zamani, kisha husugua sahani ya pedeli kuondoa kutu, grisi na vumbi. Pedeli mpya ikiwa ngumu kuvaa, huichovya kwenye maji ya moto mpira ulainike, huifuta ikauke, huingiza ukingo mmoja na kuvuta mwingine kwa bisibisi bapa mpaka mdomo wote umekaa nyuma ya sahani. Hatumii mafuta, silikoni wala sabuni, kwa sababu ileile iliyoilazimu Tesla kuyaita magari yake. Kisha hupitisha kidole nyuma ya pedeli kuzunguka yote, maana mdomo uliojikunja sehemu moja hauonekani kwa mbele.

Pedeli ya mafuta inataka tahadhari zaidi. Kwenye magari ya miaka ya karibuni mkono wake ni wa plastiki, na juu yake mna sensa inayoiambia kompyuta ya injini dereva amekanyaga kiasi gani. Kuitoboa kwa drili ni kuitia ufa ambao hautaonekana siku hiyo. Ikiwa pedeli ya chuma ya gari hilo haipatikani bila kutoboa, busara ni kuiacha ya mafuta ilivyo, hata kama breki imepata sura mpya na mbili hizo hazifanani.

Jaribio la mwisho hufanywa mikeka ikiwa mahali pake na dereva amekaa kwenye siti kama anavyokaa siku zote. Injini ikiwa imezimwa, kila pedeli inakanyagwa mpaka mwisho na kuachiwa ghafla ili kuona kama inarudi juu bila kusita. Mguu unahamishwa kutoka mafuta kwenda breki mara kadhaa, kwa kiatu na kwa ndala. Mtu mwingine anasimama nyuma ya gari kuhakikisha taa za breki zinawaka na kuzimika. Kisha uso mpya wa pedeli unashikwa kwa mikono miwili na kuzungushwa kama mtu anayefungua kifuniko. Ukicheza hata kidogo, kazi haijaisha.

Nchi nyingine zimeliona hili na kuliandika. Katika ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza, unaoitwa MOT, gari hukataliwa ikiwa uso wa pedeli ya breki usioteleza haupo, umelegea au umelika ukawa laini, na maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2014 kuhusu ukaguzi wa magari yanataja kasoro hiyohiyo. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: kava za pedeli ni sehemu ya gari inayotakiwa kuuzwa na hati ya kibali, na asiyekuwa nayo ana kesi na wakaguzi. Hakuna anayesema Wajerumani hawapendi magari yanayopendeza.

Huku kwetu Tanzania Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani hupita, stika zikabandikwa kwenye vioo, taa na matairi vikatazamwa. Kenya ina NTSA, mamlaka yake ya usafiri na usalama barabarani, na vituo vyake vya ukaguzi. Kuinama na kutikisa pedeli ya breki ni kazi ya sekunde chache isiyohitaji mashine wala umeme. Kikosi cha usalama barabarani na wakaguzi wa NTSA wangeiweka kwenye orodha yao, wakaanza na daladala, matatu na teksi, ambako abiria hana namna ya kujua kilichopo chini ya mguu wa dereva. Na duka linalofunga vibati liandike kwenye risiti kwamba limefunga, kwa gari lenye namba fulani, tarehe fulani. Fundi anayejua jina lake litabaki kwenye karatasi hukaza kwa namna nyingine.

Kuna kundi moja zaidi lenye maslahi hapa, nalo ni wanunuzi wa magari yaliyotumika. Mpira wa pedeli ya breki ni mmoja wa mashahidi wachache wasiodanganyika kirahisi. Gari linalosema kwenye dashibodi limetembea kilomita 60,000 huku mpira wa breki umelika mpaka mistari imepotea upande wa kulia, lina maswali ya kujibu. Kibati kinachong'aa kinamfunika shahidi huyo. Si kila anayekiweka ana nia ya kuficha, lakini mnunuzi ana haki ya kuomba kitolewe kabla ya kulipa, na muuzaji mwaminifu hatapata hasara kwa kukitoa.

Wenye vibati hivyo tayari wanaweza kuanza leo, gari likiwa limeegeshwa. Mkeka wa ziada utolewe, wa kiwandani urudishwe kwenye ndoano zake. Kibati cha pedeli ya mafuta kitolewe bila mjadala, na cha breki kitolewe pia ikiwa kimepandishwa juu ya mpira. Mpira wa chini ukiwa umelika, ununuliwe mwingine. Ni kati ya spea za bei ndogo kabisa kwenye duka lolote. Na kila anayeshika usukani katika familia aambiwe la kufanya pedeli ya mafuta ikinasa: akanyage breki kwa nguvu zote mara moja bila kuipampu, maana kuipampu kunamaliza upepo wa busta, aweke gia kwenye N, aache injini ipige kelele, alitoe gari pembeni, na azime likiwa limesimama. Ufunguo usizungushwe hadi mwisho gari likiwa bado linakwenda, kwa sababu usukani unaweza kujifunga.